Kirusi Kisichoondoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Protini za Kinga na Maambukizi Sugu kwa Panya

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa udaktari na uuguzi, walimu wa baiolojia, na wasomaji wa kawaida waliosikia kwamba dawa mpya za saratani zina uhusiano na panya waliougua virusi. Nimeyajibu nikiwa na jambo moja moyoni ambalo naona halisemwi vya kutosha: protini ileile inayomwokoa panya siku ya kwanza ya maambukizi inaweza kuwa ndiyo inayomnyima kupona mwezi mmoja baadaye. Asiyeshika hilo atasoma utafiti huu akidhani wanasayansi wanajipinga.

Maambukizi sugu ni yapi?

Ni yale ambayo kirusi hakitoki. Mafua hukushika, hukulaza siku chache, kisha kinga ya mwili hukifagia kirusi chote. VVU, homa ya ini aina ya B kwa baadhi ya watu, na aina ya C kwa watu wengi, havifagiliwi hivyo. Kirusi hubaki kikizaliana polepole au kwa kasi, na kinga hubaki ikipambana nacho bila kumaliza kazi. Mgonjwa anaweza kuonekana mzima kwa miaka.

Protini za mawasiliano ya kinga ni zipi?

Seli za kinga hazina simu. Seli moja ikitaka kuieleza nyingine kwamba kuna adui, hutoa protini ndogo inayosafiri kwenye damu au katikati ya seli, ikafika kwenye kipokezi cha seli nyingine na kubadilisha tabia yake. Protini hizo huitwa saitokini. Kundi lake maarufu ni interferoni, zilizogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Kundi jingine ni intalukini, ambazo hupewa namba: IL-2, IL-6, IL-7, IL-10, IL-21 na nyingine nyingi.

Kuna pia zile zisizosafiri. Zimejishikiza kwenye ngozi ya seli, na ujumbe hupita seli mbili zinapogusana. PD-1 ni mojawapo, nayo itatuchukua muda hapa chini.

Kwa nini panya, na kwa nini mnataja kirusi kimoja tu, LCMV?

Kwa sababu panya ndiye mwenyeji wake halisi. LCMV ni kirusi cha panya mdogo wa nyumbani, na kwa binadamu kinaweza kuleta uvimbe wa utando wa ubongo, yaani aina mojawapo ya homa ya uti wa mgongo. Charles Armstrong na R. D. Lillie walikieleza mwaka 1934, baada ya kukipata wakati wakichunguza mlipuko wa ugonjwa wa ubongo uliotokea St. Louis, Marekani, mwaka 1933. Muda mfupi baadaye Erich Traub, akiwa Princeton, alikuta panya wa maabara yake wanaishi nacho maisha yao yote bila kuonekana wagonjwa.

Hebu fikiria alichokiona Traub. Panya aliyekomaa akidungwa kirusi hicho kwenye ubongo hufa ndani ya siku chache. Panya aliyekipata tumboni mwa mama yake hukua, huzaa, na damu yake imejaa kirusi kilekile. Kirusi hakikubadilika. Tofauti iko kwa mwenyeji: mmoja kinga yake ilikishambulia, mwingine kinga yake ilikiona kama sehemu ya mwili. Yule aliyekufa aliuawa na seli zake mwenyewe zilizokuwa zikimtetea. Kutokana na hapo, Macfarlane Burnet na Frank Fenner walijenga mwaka 1949 wazo la uvumilivu wa kinga, kwamba mwili hujifunza mapema usishambulie kile ulichozaliwa nacho.

Kirusi hichohicho ndicho Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walikitumia mjini Canberra kugundua jinsi seli T, askari wa kinga, zinavyotambua seli iliyoambukizwa, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Doherty alisomea udaktari wa mifugo. Nawakumbusha hilo wanafunzi wa mifugo kila ninapopata nafasi.

Nimesoma majina "Armstrong" na "Kloni 13". Ni virusi viwili?

Ni kirusi kimoja, LCMV, chenye sura mbili, na hapo ndipo uzuri wake kwa mtafiti. Sura ya Armstrong ikidungwa kwa panya aliyekomaa kupitia mshipa, kinga huimaliza kwa takriban siku nane. Kloni 13 ilitolewa kwenye wengu wa panya waliokuwa wakiishi na kirusi, na Rafi Ahmed na wenzake wakaieleza mwaka 1984. Ukimdunga panya kwa kiasi kikubwa, kirusi hubaki kwenye damu kwa miezi miwili au zaidi, na kwenye figo na ubongo hukaa muda mrefu zaidi.

Tofauti kati yao ni ndogo mno. Badiliko moja liko kwenye protini ya ganda la kirusi, jingine kwenye kimeng'enya kinachonakili jeni zake. La kwanza hukifanya kirusi kishike kwa nguvu kipokezi kinachoitwa alfa-distroglikani, kilicho kwa wingi kwenye seli zinazotakiwa kuamsha seli T. La pili hukifanya kizaliane haraka. Kwa hiyo Kloni 13 huingia moja kwa moja kwa walinzi wenyewe, na kwa wingi, kabla jeshi halijajipanga.

Ndiyo maana mfano huu una thamani. Una panya wa ukoo mmoja, kirusi karibu kilekile, lakini mmoja anapona na mwingine anabaki nacho. Chochote kinachotofautiana kati yao kinakuambia jambo.

Seli T "kuchoka" maana yake nini hasa? Zinalala?

Hazilali, na hazijafa. Neno uchovu limezoeleka ila linaweza kupotosha. Seli T za CD8, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoambukizwa, zikikutana na kirusi kila siku kwa wiki nyingi hupoteza uwezo wake hatua kwa hatua. Kwanza huacha kutengeneza IL-2, protini inayozisaidia kuongezeka. Kisha hupungua uwezo wa kutoa TNF, saitokini nyingine ya mapambano. Mwisho hupungua interferoni gama, na zile zilizozidiwa kabisa hufa. Wakati huohuo ngozi yake hujaa protini za breki kama PD-1.

Kuanzia mwaka 2016 ilidhihirika kwamba si zote zilizo sawa. Miongoni mwa seli zilizochoka kuna kikundi kidogo kinachobeba protini ya TCF-1, kinachojiongeza polepole kama akiba ya mbegu ghalani. Dawa ikiamsha kinga, ni hao wanaochipua. Zile zilizochoka kabisa haziamki.

Interferoni hupambana na virusi. Inakuwaje kuizuia kukamsaidia panya?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Mwanzoni interferoni za aina ya kwanza, yaani alfa na beta, hufanya kile ambacho kitabu husema. Seli iliyoingiwa na kirusi huzitoa, majirani huzipokea na kuwasha mamia ya jeni za ulinzi. Panya asiye na kipokezi cha interferoni hulemewa kirahisi na virusi vingi. Hakuna anayelibisha hilo.

Mwaka 2013 makundi mawili ya California, moja la Michael Oldstone kule La Jolla na jingine la David Brooks kule Los Angeles, yalichapisha jambo lililowashangaza wengi. Waliwapa panya wenye Kloni 13 kingamwili inayoziba kipokezi cha interferoni. Siku za mwanzo kirusi kiliongezeka, kama ambavyo mtu angetarajia. Lakini baadaye panya hao walikiondoa kirusi kwenye damu mapema kuliko wenzao ambao interferoni yao iliachwa ifanye kazi. Na matokeo hayo yalipatikana hata pale panya walipopewa kingamwili hiyo maambukizi yakiwa yameshakuwa sugu.

Sababu yake ni kwamba interferoni, pamoja na kuwasha ulinzi, huwasha pia breki. Huziamrisha seli kutoa IL-10 na kuvaa PD-L1, ile protini inayoigusa PD-1 na kuituliza seli T. Kwenye vita vya siku nane breki hizo ni za busara, kwa kuwa zinauzuia mwili kujiunguza. Kwenye maambukizi ya wiki kadhaa interferoni haikomi kutolewa, breki hazilegei, na hata mpangilio wa ndani wa wengu, mahali seli hukutana na kufundishana, huvurugika. Interferoni ilipozibwa, wengu ulipata nafuu, breki zikapungua, na seli T za CD4, zile zinazozisaidia seli nyingine za kinga, zikafanya kazi. Bila hizo seli za CD4 matokeo mazuri hayakupatikana.

Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba beta ndiyo yenye lawama zaidi kuliko alfa katika kuendeleza maambukizi hayo, ingawa zote mbili hutumia kipokezi kimoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye tumaini la dawa, kwa sababu kuzima mfumo mzima wa interferoni kwa mgonjwa ni jambo la hatari.

Basi ukimpa panya interferoni ya ziada, atazidi kuugua?

Inategemea siku. Akiipata mapema kabisa, kabla Kloni 13 haijatapakaa, humsaidia. Ikichelewa, haimsaidii, na inaweza kuimarisha hali ileile tuliyoieleza. Jambo kama hilo limeonekana kwa nyani aina ya rhesus walioambukizwa SIV, kirusi ndugu wa VVU. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, nyani waliozibiwa interferoni mwanzoni mwa maambukizi walikuwa na hali mbaya zaidi, na waliopewa interferoni kabla ya kuambukizwa walilindwa kwa muda. Lakini walipoendelea kudungwa kwa wiki kadhaa, miili yao ikaacha kuisikia.

IL-10 inaingia wapi?

IL-10 ni mpatanishi. Ikitolewa, seli za kinga hupunguza ukali. Mwaka 2006 makundi mawili yalionyesha kwamba panya wasio na IL-10 kabisa huweza kuimaliza Kloni 13, na kwamba panya wa kawaida waliopewa kingamwili ya kuziba kipokezi cha IL-10 nao humaliza. Protini moja, na ugonjwa sugu ukageuka kuwa wa muda mfupi. Baadaye iligundulika kwamba kuziba IL-10 pamoja na PD-L1 kuna nguvu kuliko kuziba kimoja, kwa sababu njia hizo mbili hazipiti mahali pamoja.

Virusi vingine vimeielewa siri hiyo kabla yetu. Kirusi cha Epstein-Barr kinabeba jeni lake chenyewe la kutengeneza protini inayofanana na IL-10.

Na PD-1? Mbona inatajwa kwenye saratani?

Kwa kuwa ni breki ileile. PD-1 ilitambuliwa mwaka 1992 kwenye maabara ya Tasuku Honjo, Kyoto. Mwaka 2006 kundi la Rafi Ahmed, wakati huo akiwa Atlanta, na washirika wake wa Boston waliziba PD-L1 kwa panya wenye Kloni 13 kuanzia siku ya 23 ya maambukizi. Seli T zilizodhaniwa kuwa zimekwisha ziliongezeka, zikarudisha uwezo, na kirusi kikapungua. Mwaka huohuo watafiti walikuta seli T za watu wenye VVU huko Durban, Afrika Kusini, nazo zimejaa PD-1, na kadiri kirusi kilivyokuwa kingi ndivyo PD-1 ilivyozidi. Panya na binadamu walikuwa wakisema lugha moja.

Dawa za saratani zinazoziba PD-1, kama nivolumab na pembrolizumab, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Honjo na James Allison walipata Nobel mwaka 2018. Panya wa LCMV hawatajwi sana kwenye habari hizo, na mimi naona wanastahili kutajwa, kwani uchovu wa seli T ulieleweka kwao kwanza.

Kwa nini basi mwili una breki hizi? Si bora panya azaliwe bila PD-L1?

Jaribio hilo lilifanywa. Panya wasio na PD-L1 wakipewa Kloni 13 hufa ndani ya siku chache. Hawauawi na kirusi. Seli T zao wenyewe hushambulia kuta za mishipa ya damu, mishipa huvuja, mapafu na moyo hushindwa.

Tafadhali soma aya hiyo mara mbili kabla ya kuandika kwenye mtihani kwamba uchovu wa seli T ni "hitilafu ya kinga". Uchovu ni makubaliano: mwili unaona hauwezi kumfukuza mgeni bila kubomoa nyumba, basi unapunguza kelele na kuishi naye. Wakati mwingine makubaliano hayo ni mabaya, na dawa inasaidia kuyavunja. Lakini yamewekwa kwa sababu.

Zipo protini zinazosaidia seli T zisichoke?

Zipo, na hazipati umaarufu wa breki. IL-21 hutolewa na seli T za CD4. Mwaka 2009 makundi matatu yalionyesha kwamba bila hiyo seli za CD8 huchoka zaidi na kirusi hakidhibitiwi. Hilo lilieleza jambo la zamani: panya akiondolewa seli za CD4 kisha akapewa Kloni 13, hubaki na kirusi kwenye damu maisha yake yote. IL-7 iliyotolewa kama tiba iliongeza idadi ya seli T na kuwasaidia panya kuondoa kirusi. IL-2 pamoja na kizuizi cha PD-1 hufanya vizuri kuliko kila kimoja peke yake. IL-6 inayotoka wakati maambukizi yamekwisha kuwa sugu husaidia kupatikana kwa kingamwili nzuri, nazo ndizo hatimaye humaliza kazi.

Panya aliyeambukizwa tumboni naye ana seli T zilizochoka?

Hapana, na wengi huchanganya. Huyo seli T zake zinazokitambua kirusi ziliondolewa mapema wakati kinga inajifunza. Hana jeshi lililochoka. Hana jeshi dhidi ya kirusi hicho. Kuziba PD-1 hakutamsaidia. Hata hivyo hatengenezi amani kamili: hutoa kingamwili zinazoshikana na kirusi, mafungu hayo hukwama kwenye figo na kuziharibu polepole.

Yote haya ni kwa LCMV tu?

Hapana, na ninafurahi swali hili likiulizwa. Kuna aina ya norovirusi ya panya inayokaa kwenye utumbo kwa miezi, ikijificha ndani ya seli adimu za ukuta wa utumbo. Mwaka 2015 watafiti wa St. Louis waliwapa panya hao interferoni lambda, ndugu mdogo wa alfa na beta aliyegunduliwa mwaka 2003, ambaye kipokezi chake kiko hasa kwenye seli za kuta kama za utumbo na mapafu. Maambukizi yaliisha. Yaliisha hata kwa panya wasio na seli T wala seli B, zile zinazotengeneza kingamwili.

Linganisha na hadithi ya Kloni 13. Kwenye damu na wengu, kuzima interferoni ndiko kulikosaidia. Kwenye utumbo, kuongeza interferoni ndiko kulikotibu. Mahali ni muhimu sawa na wakati.

Matokeo ya panya yanamfaa binadamu?

Kwa tahadhari. PD-1 ilivuka vizuri. Kwa homa ya ini aina ya C, interferoni alfa ilitumika kama dawa kwa miaka mingi, na wagonjwa ambao jeni zao za interferoni zilikuwa tayari zimewaka kwenye ini ndio walioitikia dawa vibaya. Sura ileile tuliyoiona kwa panya. Siku hizi dawa za vidonge zinazokipiga kirusi chenyewe zimechukua nafasi yake. Kwa VVU, panya waliopandikizwa kinga ya binadamu walionyesha nafuu interferoni ilipozibwa wakiwa kwenye dawa za kufubaza. Hiyo ni dalili njema, si ruhusa ya kumpa mgonjwa. Anayetumia ARV aendelee kuzitumia kama alivyoelekezwa.

Panya wa maabara pia ni wa ukoo mmoja, wa umri mmoja, na chakula kimoja. Kloni 13 ileile kwa kiasi kilekile huua panya wa koo fulani na kuwa sugu kwa wengine. Kama panya wa koo mbili hawafanani, usitarajie watu wa kijiji kimoja wafanane.

Nina panya nyumbani. Niogope LCMV?

Usiwashike kwa mikono mitupu, usifagie kinyesi chao kikiwa kikavu. Kiloweshe kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha ukifute. Mjamzito asifanye kazi hiyo, kwa kuwa kirusi hiki kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Afrika Mashariki kuna utafiti wa aina hii?

Upo, na hauanzi maabara bali shambani. Panya shamba, *Mastomys natalensis*, yule anayemaliza mahindi ya wakulima, ndiye anayebeba kirusi cha Lassa huko Afrika Magharibi. Kwetu Tanzania hajakutwa na Lassa. Amekutwa na ndugu zake: kirusi cha Morogoro, kilichoelezwa mwaka 2009, na kirusi cha Gairo. Havijulikani kuwaletea watu ugonjwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na washirika wa Ubelgiji na Ujerumani, wamekuwa wakiwanasa panya hao, kuwapima damu, kuwaachia na kuwanasa tena mwezi unaofuata.

Panya aliyekomaa akiambukizwa kirusi cha Morogoro, damu yake husafika kwa takriban wiki moja, kingamwili hujitokeza, na kirusi huendelea kutoka kwenye mate na mkojo kwa wiki kadhaa. Ni ugonjwa wa muda mfupi, wa sura ya Armstrong. Hata hivyo wachache walionaswa shambani walionekana kubaki na kirusi muda mrefu. Hao wachache wanaweza kuwa ndio wanaokivusha kirusi majira ambayo panya wamepungua sana, kabla ya mvua kuwarudisha kwa wingi. Wengi wa panya hao hunaswa usiku, kwa mitego iliyopakwa siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi, na alfajiri mtu huipitia mstari kwa mstari, akichukua tone la damu kutoka kwa kila mmoja.